Chunjua za Dereva

Kila siku mchana, akishatoka shule na kula, Dereva alimpeleka babu yake kazini. Dereva mwenyewe alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, na gari lake pekee lilikuwa huyo babu. Jina alipewa na babu siku ya kwanza alipomshika mkono na kumwongoza njiani. Mtaa mzima ukalidaka, hata mama yake akawa anasahau kumwita jina la kwenye daftari la shule.

Macho ya babu yalikuwa yamekufa miaka sita. Alichobakiwa nacho ni mwanga tu: alijua dirisha liko upande gani na kama taa imewashwa, basi. Lakini vidole vyake vilikuwa hodari kuliko vya watu wenye macho. Kwenye pembe moja ya karakana ya seremala alikaa akisuka vikalio vya viti kwa kanda nyembamba za henzerani, akivuta kila ukanda mpaka ulie, kisha akikata ncha kwa kisu kidogo chenye makali. Wateja walimwambia seremala kwamba mbao zake ni nzuri, ila wao wamefuata kikalio. Seremala hakuudhika, au alijifanya hakuudhika.

Njiani walikuwa na lugha yao ya mikono. Dereva akikibana kiganja cha babu mara moja, mbele kuna ngazi au jiwe. Akibana mara mbili, kuna mtaro. Maneno hayakuhitajika kwa safari, kwa hiyo waliyatumia kwa umbea, na babu kwa umbea alikuwa hana mpinzani.

Mambo yaliharibika kwa chunjua moja. Ilimea kwenye kidole cha Dereva cha mkono wa kulia, ngumu, yenye vidoti vyeusi, ndogo kama punje ya mtama. Dereva aliionea aibu. Siku moja, babu alipokwenda kunawa, alichukua kile kisu cha henzerani akaikata. Damu ikatoka nyingi kuliko alivyotegemea. Akakifuta kisu kwa sketi, akakirudisha mahali pake, akanyamaza. Chunjua ikarudi, tena haikurudi peke yake. Baada ya miezi miwili zilikuwa saba, nyingine zimejipanga kando ya kucha alizokuwa na tabia ya kuzitafuna.

Mwenzake wa dawati, msichana anayejua kila jambo kabla halijafundishwa, alimwambia bila shaka alishika chura. Dereva hakukumbuka kushika chura yeyote. Mwenzake akaendelea kusema kwamba chunjua huhama kwa mikono na hupenda mahali palipokwisha kuugua, na zikifika kwenye jicho bovu hulimalizia kabisa. Aliyasema hayo kwa uhakika wa daktari mkuu.

Dereva akaingiwa na hofu mpaka chakula kikamshinda. Babu alikuwa na mazoea ya kufikicha macho kwa mkono uleule anaoongozwa nao. Dereva aliona wazi kwamba yeye ndiye atakayemzimia babu ule mwanga kidogo uliobaki. Kumwambia mama aliogopa, kwa sababu ilibidi aseme na habari ya kisu.

Kesho yake alimpa babu ncha ya mpini wa ufagio.

"Hii nini?" babu akauliza.

"Fimbo. Wewe shika huku, mimi nashika huku."

"Kwani mkono wako umekwenda wapi?"

"Upo. Nimechoka tu kushikwashikwa."

Hakuwa na uongo mwingine karibu, ndiyo maana aliutoa huo. Babu alicheka kidogo, akasema kumbe dereva kapanda cheo, sasa anavuta trela. Lakini siku hiyo hakukuwa na umbea njia nzima, wala siku zilizofuata. Babu akaanza kuoga mara mbili kwa siku. Jioni moja Dereva alimsikia akimuuliza mama kwa sauti ya chini kama mwili wake unanuka. Mama alishangaa, akasema hapana. Dereva alisimama nyuma ya mlango akitafuna kucha, machozi yakimtoka.

Hali iliendelea hivyo wiki tatu, hadi Jumatano moja. Walipokaribia kwa fundi wa kuchomelea, fundi alikuwa anakata bomba kwa mashine, na mlio wake ulijaza njia nzima. "Mtaro, babu," Dereva akasema. Babu hakusikia. Fimbo nayo haijui kubana kiganja cha mtu. Babu aliinua mguu akaushusha mahali pasipo na kitu, akaanguka, na mkono wake wa kulia ukatangulia kwenye ukingo wa zege.

Hospitalini tabibu, mwanamke mmoja wa makamo mwenye miwani, aliitazama picha ya mifupa kwa muda mrefu. Mifupa miwili ya kifundo cha mkono ilikuwa imevunjika. Akamfunga babu plasta ngumu hadi karibu na kiwiko. Babu aliuliza jambo moja tu, lini atarudi kusuka.

"Plasta tutaitoa baada ya wiki sita," tabibu akasema. "Lakini sikudanganyi, mzee wangu. Nguvu ile ya kuvuta huenda isirudi."

Babu aliitikia kwa kichwa. Mama yake Dereva, aliyekuwa amewafuata hospitalini, akitoka kwenda kuchukua dawa, alimwambia Dereva amshike babu mkono wa kushoto. Dereva akaficha mikono nyuma.

"Muache," babu akasema taratibu. "Mtoto ananionea kinyaa. Ni uzee, si kosa lake."

Hapo Dereva alishindwa kujizuia. Alilia kwa kwikwi, akasema yote: chunjua, kisu, chura ambaye hakumshika, na macho ya babu. Mama alibaki amesimama mlangoni. Tabibu akavuta kiti, akaomba kuiona ile mikono, akaigeuza na kuikagua bila kuogopa.

Akaeleza kwamba chunjua haziletwi na chura, wala uchafu, wala kurogwa. Zinaletwa na kirusi, kijidudu kisichoonekana kwa macho, kinachoingia kupitia mkwaruzo mdogo kwenye ngozi na kuifanya imee kupita kiasi. Ukizikata au kutafuna kucha, unakibeba kirusi mwenyewe na kukipanda pengine. Ni kweli zinaambukiza, ndiyo maana watu hawachangii wembe, kisu wala taulo, na kisu kile kingepaswa kuoshwa vizuri. Lakini chunjua za vidole hazipofushi mtu. Nyingi huisha zenyewe, na zinazosumbua zina dawa ya kupaka, ila inataka subira.

"Kwa hiyo ningeweza kumshika?" Dereva akauliza.

"Ungenawa, ukazifunika kwa plasta ndogo, ukamshika," tabibu akasema.

Dereva akalia upya, maana jibu lilikuwa dogo mno na mkono wa babu ulikuwa umeshavunjika.

Babu alinyoosha mkono wa kushoto hewani, akautafuta wa Dereva mpaka akaupata. Akazipapasa chunjua moja moja. "Saba," akasema. "Wiki tatu nimejinusa kila siku kwa sababu ya hivi vitu saba."

Dawa ilifanya kazi kwa karibu miezi mitatu. Wiki ile ile chunjua ya mwisho ilipobanduka, seremala alikuja nyumbani. Alikaa akiwa ameinamisha kichwa, ingawa babu hakuweza kumwona, akasema amepata msukaji mwingine. Vidole vya babu vilikuwa vimerudi, ila kifundo kilikataa kuvuta. Babu alimshukuru kwa miaka yote, akamsindikiza hadi mlangoni.

Seremala alipokwisha kuondoka, Dereva alimwomba babu msamaha, kwa mara ambayo hakuna aliyejua ni ya ngapi.

"Nilishakusamehe hospitalini," babu akasema, "lakini nisikilize. Ulikuwa unanipenda, ukaogopa, ukanificha. Uliyemuuliza ni mtoto mwenzako asiyejua, ukawaacha wakubwa wanaojua au wanaoweza kuuliza. Siku nyingine ukiona kitu mwilini mwako, au ukikosea, njoo useme siku hiyo hiyo. Hata kama umeharibu kisu changu. Kisu ningenunua kingine."