Mapatano ya Kwenye Korido

"Samahani dada, umesimama juu ya jeshi langu."

Fundi meno alishtuka, akainua mguu. Duka la fotokopi lilikuwa limefurika watu, na chini ya kiatu chake palikuwa na askari watatu wa plastiki na joka lililovunjika bawa. Kijana mrefu mwenye ovaroli ya mafundi wa lifti alikuwa amepiga magoti, mfuko uliopasuka mkononi, akiokota wengine katikati ya miguu ya wateja.

"Joka nimelivunja mimi?"

"Wewe. Lakini lilikuwa la adui, usijali."

Alicheka bila kupenda. Mtu anayetengeneza meno ya bandia hashindwi na bawa la joka; akaondoka nalo pamoja na namba ya simu ya kijana. Siku mbili baadaye akampigia simu.

"Mgonjwa wako amepona. Ila bawa lina rangi ya ufizi."

"Basi atatisha zaidi! Mlete mwenyewe, daktari wa majoka."

Ndivyo alivyoingia mchezoni. Kila Jumamosi mchana watu watano walikaa nyumbani kwa fundi lifti, wakizunguka ramani iliyojaa falme, misitu ya wachawi na milima ya majoka. Kabla ya kila vita walitoka wawili wawili kwenye korido kupatana. Kisha kila mmoja aliandika amri zake kwa siri, zikasomwa kwa pamoja. Kudanganya kuliruhusiwa, hilo aliambiwa siku ya kwanza.

Kwa miezi minne yeye na fundi lifti walikuwa upande mmoja. Fundi meno alikuja na gauni lake la njano, mwenzake akampokea na shati jeupe linalonukia sabuni, na mapatano yao ya korido yakazidi kurefuka mpaka wenzao wagonge meza: "Nyie, vita inasubiri!"

Jumamosi moja, fundi lifti akamshika mkono.

"Peleka majeshi yako yote kaskazini. Mgongo wako naulinda mimi. Mimi si mtu wa kukuacha, malkia wangu."

Moyo wa fundi meno ukafurika furaha. Mchumba wake wa zamani alimwacha wiki tatu kabla ya harusi, bila hata kuaga, na tangu hapo hakuna aliyemwambia maneno kama hayo. Akaandika: wote kaskazini. Amri ziliposomwa, majeshi ya fundi lifti yaliingia mji wake mkuu. Meza nzima ikashangilia.

"Ufalme ni ufalme, malkia!" alicheka yule kijana.

Fundi meno alichukua mkoba wake, akatoka.

Simu iliita mara kumi na moja. Hakupokea. Aliyopokea ilikuwa ya dada yake, akamdokezea ugomvi wa mezani.

"Mdogo wangu, unamnunia mtu kwa sababu ya vijiaskari vya plastiki?"

"Si vijiaskari, dada. Ni alichoniambia."

Alipomsimulia yote, dada yake aliacha utani. Gauni la harusi ile iliyovunjika alikuwa bado amemtunzia kabatini kwake.

Jumatano mchana fundi lifti alitokea kazini kwake, ovaroli na yote, akasimama katikati ya rafu za mataya ya plasta.

"Nilikukosea."

"Ulijua yaliyonipata. Nilikusimulia mwenyewe."

"Nilijua. Tamaa ya kushinda ikanisahaulisha. Kuteka mji ni mchezo, lakini maneno yale sikupaswa kuyafanya silaha."

Fundi meno aliendelea kupiga tupa jino, bila kuinua macho. "Na ulipoyasema, yalikuwa uongo?"

"Habari ya majeshi ilikuwa uongo. Hayo mengine yalikuwa kweli. Miezi yote hii natafuta pa kuyasemea, nikaenda kuyasemea pabaya." Akaisogelea meza yake. "Nataka kukuoa."

Tupa ikasimama.

"Punguza sauti, meno yote haya yanakusikiliza," alisema, machozi yakimlengalenga. Akamfuta vumbi la plasta begani, polepole zaidi kuliko vumbi lenyewe lilivyohitaji. "Jumapili mama yuko nyumbani. Njoo umwambie yeye."

"Nitakuja. Na mji wako mkuu nitakurudishia."

"Thubutu! Nitauchukua mwenyewe."

Kijana alipoondoka, fundi meno alichukua simu.

"Dada, Jumapili shemeji yako anakuja kuonana na mama."

"Shemeji yupi? Yule mwongo?"

"Huyo huyo," alisema, na kicheko kikamtoka mpaka akalazimika kukaa chini.