Simu Kuukuu Iliyomaliza Bando la Shamsia

Shamsia wa Mafiga, Morogoro, anauza stroberi. Zinashuka kutoka milima ya Mgeta alfajiri, naye anawapelekea wateja kwa bajaji yake mwenyewe. Stroberi hazina subira. Zikipigwa jua zinatoa maji, na mteja anakurudishia boksi lako.

Ili asipotee, Shamsia amefunga simu kuukuu kwenye usukani imwonyeshe ramani. Simu hiyo haishiki laini tena. Inapata intaneti kwa hotspoti ya simu yake mpya, iliyo kwenye pochi.

Jumanne alikuwa anampelekea Ester, mpambaji wa keki. Ester hupambia kwenye nyumba yenye sherehe, kila mara mtaa mwingine. Siku hiyo ilikuwa Mkundi. Njiani ramani ikaganda. Bando la wiki limekwisha, na alijiunga juzi tu! Akajiunga dogo. Nalo likaisha kabla hajafika. Alizunguka saa nzima kwenye vumbi.

Ester alifungua boksi akakunja uso.

"Hii mara ya pili, dada. Jumamosi nina keki ya harusi. Ukichelewa tena, namchukua mwingine."

Ester ndiye mteja wake mkubwa. Shamsia alirudi nyumbani anafoka.

"Baba Pili, umeangalia mpira kwa bando langu?"

Mumewe, Mikidadi, aliweka kikombe chini. "Mimi? Simu yako nimeigusa lini? Unaniita mwizi nikiwa nakunywa chai yangu?"

"Kama si wewe, basi kampuni ya simu inatuibia!"

Kelele zilimfikia jirani yao Tumaini, mwalimu wa kompyuta. Akaja.

"Shikamooni."

"Marahaba. Mwalimu, nimeibiwa!"

"Naomba hiyo simu kuukuu, mama Pili."

Tumaini alifungua mipangilio, akatazama matumizi ya data. "Ramani imekula kidogo sana. Mwizi huyu hapa: video zako zinapanda kwenye hifadhi ya mtandaoni."

Shamsia alizijua video hizo. Kila binti wa ukoo akitoka unyagoni na kuchezwa mwali, yeye ndiye anayerekodi kwa simu hiyohiyo kuukuu, toka ngoma ya kwanza mpaka watu wanatawanyika.

"Sasa nifute mabinti wa watu?"

"Usifute. Simu hii ikishika hotspoti, inadhani imepata Wi-Fi isiyo na kikomo. Basi inapandisha video na kusasisha programu zote. Haijui kwamba bando linatoka pochini kwako."

"Na haiulizi!" Shamsia aliruka. "Inakula cha mtu kimyakimya! Huo ni ustaarabu gani?"

"Na mimi nikaitwa mwizi," alisema Mikidadi.

"Nisamehe, baba Pili. Lakini hasira yangu haijaisha."

Tumaini alimwonyesha, na kila kitu Shamsia alikigusa kwa kidole chake mwenyewe. Alizima kupandisha picha na video. Alizima programu kujisasisha zenyewe. Kisha aligusa jina la hotspoti yake, akachagua kwamba mtandao huo una kipimo, ili simu ibane matumizi.

"Sasa pakua ramani ya Morogoro nzima kwa Wi-Fi yangu," alisema Tumaini. "Barabarani itakuongoza hata bando likiisha. Foleni tu haitakuonyesha. Na ukifika, zima hotspoti."

"Kumbe ni hivyo tu? Na nimezunguka juani saa nzima!"

Jumamosi harusi ilikuwa Bigwa, chini ya mlima. Shamsia alitoka na maboksi manne. Ramani ilimpeleka kona kwa kona bila kuganda. Alipofika, Ester alikuwa bado anafunga aproni.

Ester alifungua boksi la kwanza. Stroberi zilikuwa kavu na nyekundu. Akachukua simu yake, akapiga.

"Eustace, kaka, samahani. Geuza na stroberi zako hukohuko ulipo. Mwenye stroberi wangu ameshafika."