Maji ya Hua wa Bi Zainab

Kila alfajiri, kabla ya kwenda shule, Mwongeli alijitwika debe akapanga foleni kwenye mfereji wa Majengo, mjini Thika. Jua la Februari, mwaka wa 1954, lilikuwa kali ajabu, na amri ilikuwa imetolewa: kila nyumba madebe mawili kwa siku, basi. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, na watu walisimama kimya, kila mtu na lake moyoni.

Wiki ile Mwongeli alikuwa na kazi ya ziada. Jirani yao, Bi Zainab, alikuwa akienda Pumwani kumwuguza dada yake. Kabla ya kuondoka alimwonyesha kigae kipana cha chungu kilichowekwa chini ya mpera.

"Marehemu mume wangu, Mzee Idarous, aliwawekea hua maji hapa miaka ishirini," alisema. "Tangu nimzike, wao tu ndio wanaoniamkia asubuhi. Jua hili litawaua, mwanangu. Wape maji asubuhi na adhuhuri, usisahau."

"Sitasahau, Nyanya."

Lo, kuahidi ni rahisi! Kigae kilikauka kabla ya saa nne. Siku ya tatu rafiki yake Kalondu alimcheka pale mferejini, alipomwona amerudi kuteka maji ya hua.

"Wewe! Siku hizi ndege nao wana foleni?"

Mwongeli aliona haya. Kwao, kama nyumba zote za Majengo, maji ya akiba yalikaa debeni. Basi akajiona mjanja. Alichukua debe kuukuu, akamimina maji nusu, akalitua katikati ya ua wa Bi Zainab, juani, ndege walione vizuri. "Kunyweni wiki nzima," alisema, akaenda zake kucheza.

Kesho yake alikuta bati limepata moto, halishikiki. Ndani walielea hua wawili, mabawa yametanda. Waliingia kunywa wakashindwa kutoka. Kuta za debe zilijaa mikwaruzo midogo midogo ya kucha. Mwongeli aliogopa mno. Aliwafukia nyuma ya choo, akalifudikiza debe, akanyamaza.

Tangu saa hiyo hakuwa na raha. Ua wa Bi Zainab ulikuwa kimya, hakuna hua aliyelia. Lakini Mwongeli aliwasikia. Akiwa darasani, akiwa anatwanga mahindi, alisikia kucha zikikwaruza bati: kwaru, kwaru. Adhuhuri moja sauti ilitoka kwenye debe lenyewe. Alilifunua. Halikuwa na kitu.

"Bati likipata joto hulia," mama yake, Ndunge, alimwambia. "Mbona umekuwa mwoga hivyo?"

Mwongeli alirudi kutwanga mahindi. Hata jua lilipotua na bati kupoa, aliendelea kusikia.

Bi Zainab alirudi siku ya Ijumaa.

"Shikamoo, Nyanya."

"Marahaba. Hua wangu wako wapi?"

"Sijui, Nyanya. Maji niliweka."

Bi Zainab hakugomba. Alitandika mkeka barazani, akakaa akiutazama mpera mpaka chai yake ikapoa. Kesho yake ikawa vivyo hivyo. Siku ya tatu Mwongeli alimkuta hajawasha hata jiko, macho yamevimba.

"Wamenihama," Bi Zainab alisema kwa sauti ndogo. "Nadhani nilimkosea Mzee. Kuna jambo sikumtimizia, naye amewaita ndege wake."

Kwaru, kwaru. Mwongeli aliziba masikio. Mtu mzima alikuwa akijilaumu kwa kosa lisilo lake.

"Hukumkosea mtu, Nyanya! Ni mimi!" alilia, akaeleza yote.

"Nionyeshe."

Walikwenda nyuma ya choo. Bi Zainab alisimama mbele ya kile kifusi kidogo cha udongo. Mwongeli alingoja kofi.

"Siku tatu," Bi Zainab alisema kwa hasira. "Siku tatu umeniacha nikimwomba radhi maiti."

Mwongeli aliinamisha kichwa. Bi Zainab alishusha pumzi.

"Lete kigae. Ndege hahitaji akiba. Tia maji kidogo, yasizidi kina cha kidole. Weka mawe apate pa kukanyaga. Yakae kivulini, na yakipata moto uyabadilishe."

Siku nne hakuja hata ndege mmoja. Mwongeli hakuacha. Kalondu alipomcheka tena, alimjibu, "Ndiyo, wana foleni, nami nawashikia nafasi." Siku ya tano hua mmoja alitua juu ya jiwe, akatazama huku na huku, akanywa. Mwingine akamfuata.

Bi Zainab alimwekea Mwongeli mkono begani.

"Wale wawili hawatarudi, sitakudanganya. Kukosea, kila mtu hukosea. Lakini kosa ukilificha, mwenzako hulibeba bila kujua. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Ungeniambia siku ile ile, ningewalilia hua wawili tu. Nisingemlilia mume wangu mara ya pili."

Mwongeli alijipangusa machozi. "Nisamehe, Nyanya."

"Nimekusamehe. Sasa nenda kateke maji, adhuhuri imekaribia."