Kasia Halikurudi

Kasia lilipomponyoka Devere Gittens na kutumbukia majini, alicheka. Mtu yeyote wa Bathsheba angecheka, na hapo ndipo tatizo letu lilipo. Kwetu, upande wa mashariki wa Barbados, upepo unatoka baharini kuja nchi kavu mwaka mzima. Ukidondosha ndala, kofia au ubao wa kuteleza kwenye mawimbi, huna haja ya kuhangaika. Unakaa zako kwenye mwamba, unatafuna ulichonacho, na bahari inakuletea mali yako mpaka miguuni.

"Liache," alimwambia mkewe. "Litarudi lenyewe."

Alverna alikuwa amekaa mbele kwenye ule ubao mpana wa kukodi, jaketi la kuelea kifuani, miguu ikining'inia majini. Yeye kwao ni Speightstown, upande wa magharibi, ambako bahari haina makelele. Aligeuka akaitazama minazi ya ufukweni. Makuti yote yalikuwa yameinamia baharini, yanaelekea kwao.

"Litarudi likitokea wapi, Dev?" aliuliza. "Upepo unatoka nyuma ya minazi."

Devere akalitafuta kasia kwa macho. Lilikuwa limeshafika mbali kuliko alivyodhani. Hapo akafanya kosa la pili, baya kuliko la kwanza. Alilala kifudifudi akaanza kupiga maji kwa mikono kulifukuza, na upepo ukamsaidia kweli kweli. Walipokata tamaa wakageuka nyuma, watu wa ufukweni walikuwa wadogo kama punje za mchele.

Ilikuwa Jumatatu ya Pentekoste, sikukuu, na wasingekuwa huko kabisa kama si mwani. Wiki ile mwani ulikuwa umejaa Bathsheba mpaka magotini, unaoza, unanuka mayai viza, na hakuna aliyeweza hata kunawa miguu. Joya, binti yao wa miaka minne, walimwacha kwa mama yake Devere, wakavuka kisiwa hadi magharibi na bakuli la makaroni ya kuoka na samaki wa kuruka waliokaangwa. Ilikuwa siku yao ya kwanza ya peke yao tangu mtoto azaliwe. Asubuhi walipanda pikipiki ya majini, Alverna kamshika mumewe kiuno, anacheka mpaka machozi yanamtoka. Wakavutwa kwenye boya la mpira, wakapinduliwa, wakapanda tena.

Lakini kutwa nzima Devere alikuwa akiidharau bahari ile. Aliiita bwawa la bata. Mwenye kukodisha mbao alipomwambia afunge kamba ya mguuni na avae jaketi, alisema hayo ni mambo ya watalii, yeye amekulia kwenye mawimbi marefu kama nyumba. Alipoambiwa asivuke maboya ya njano, aliitikia kwa adabu zote, kisha akayavuka.

Sasa hata hayo maboya yalikuwa hayaonekani.

Alverna alivua kofia yake nyekundu akaipunga. Boti kubwa ya matanga ilipita kati yao na pwani, imejaa wageni na muziki, na wageni wakawapungia na wao, wakishangilia. Mmoja aliwainulia glasi. Alverna alipiga kelele mpaka koo likakauka, lakini upepo uliichukua sauti yake ukaipeleka kule kule lilikokwenda kasia. Boti ikazunguka rasi, ikapotea. Nani angeshuku kwamba wako hatarini? Mume na mke juu ya ubao, siku ya sikukuu, jua linawaka. Kwa mbali walionekana wanastarehe.

Karibu na pwani maji yalikuwa laini kwa sababu kisiwa kinakinga upepo. Walipotoka kwenye kinga hiyo, bahari ilibadilika. Mawimbi mafupi yakaanza kuwarukia mapajani, ubao ukawa unayumba na kuteleza, na ilibidi washike kingo zake kwa mikono miwili. Walikuwa na chupa moja ya maji, imebaki nusu. Mbele yao hakukuwa na nchi mpaka Saint Vincent, na huko si kwa kufika na ubao.

Devere aliutazama mnara wa kanisa uliokuwa ukichungulia juu ya miti. Akasema ataogelea kuufuata, alete boti.

"Usiuache ubao," Alverna akasema. "Ubao unaonekana. Kichwa cha mtu hakionekani."

"Nimeogelea bahari mbaya kuliko hii."

"Ile inakurudisha nyumbani. Hii hairudishi. Dev, mimi sijui kuogelea."

"Una jaketi."

"Na wewe huna. Ukizama, Joya anabaki na nani?"

Alimshika kifundo cha mkono. Devere hakugombana naye. Alivibandua vidole vyake kimoja kimoja, polepole, kama anayemtoa mtoto kwenye nguo zake wakati wa kwenda kazini, kisha akajitosa.

Ni muogeleaji hasa, hilo simnyimi. Mwanzoni alikata maji vizuri, akihesabu pumzi zake. Lakini kwetu mtu akichoka hulala tu, wimbi likambeba. Kule kila akiinua uso wimbi lilimpiga mdomoni, na alipopumzika kidogo tu, alirudishwa alikotoka. Aliogelea mpaka mabega yakawaka moto. Akautazama mnara. Ulikuwa vile vile. Akaogelea tena, akautazama, na safari hii ulikuwa mdogo zaidi. Ndipo msuli wa mguu ulipomkaza, akameza maji, akazama, akaibuka akikohoa. Akageuka kumtafuta mkewe. Aliona maji tu. Mwanaume yule, aliyewafundisha nusu ya watoto wa kijiji chetu kuogelea, alilia katikati ya bahari.

Alverna naye alikuwa amelia, na alikuwa amemtukana mumewe matusi ambayo siyarudii hapa. Kisha aliona kitu kikamnyamazisha. Ubao ulikuwa mwepesi sasa, na upepo ulikuwa ukiusukuma kwa kasi zaidi. Kila dakika ulikuwa ukizidi kuwa mbali na Devere, na akitaka kurudi asingeufikia.

Alikumbuka mjomba wake, mvuvi, ambaye injini ikizima hutupa ndoo yenye kamba ili mashua isikimbie. Ndoo hakuwa nayo. Alikuwa na jaketi. Alilitazama lile jaketi kwa muda, kwa sababu ndilo lililokuwa kati yake na kifo, na mtu aliyeondoka alikuwa ameondoka kwa hiari yake. Halafu akalifungua. Akalifunga kwa ile kamba ya mguuni ambayo Devere aliidharau, akalitosa. Jaketi likajaa maji, kamba ikakaza, ubao ukapunguza mwendo. Akalala kifudifudi, mkono mmoja umeng'ang'ania ukingo, mwingine ameuinua juu na kofia nyekundu. Ulipochoka, alibadilisha.

Hiyo kofia ndiyo Devere aliyoiona.

Alipoufikia ubao hakuwa na nguvu ya kupanda. Alverna alimvuta kwa nywele, kisha kwa kaptura, akamlaza kama mzigo, naye Devere akatapika maji ya chumvi. Devere aliliona jaketi likielea kwenye kamba, akaelewa, na akafunika uso.

"Uliniacha," Alverna alisema.

"Nimerudi."

"Umerudi kwa sababu hukufika."

Alverna akampa mafunda mawili ya maji, akafunga chupa.

Jua lilikuwa limeanza kushuka walipoona ukanda wa rangi ya kahawia mbele yao, mrefu, umelala juu ya maji. Ulikuwa mwani. Ule ule uliowafukuza Bathsheba ulikuwa umezunguka kisiwa ukajipanga huku. Devere alisema kwa sauti ya kukwaruza kwamba hata kufa hawaachwi wafe kwa amani. Alverna alisema waingie ndani yake.

Alimweleza kwa maneno machache, maana ulimi ulikuwa umevimba. Samaki aina ya fulusi wanapenda kivuli, chini ya mwani ndiko wanakokaa, na msimu huu wavuvi wakirudi nyumbani hupita kando ya mwani wakivuta ndoana. Katikati ya maji matupu hakuna atakayewatafuta. Pale watu watapita kwa shughuli zao.

Siku nyingine yoyote Devere angebisha. Safari hii aliuliza kitu kimoja tu.

"Kulia au kushoto?"

Wakavuta jaketi, Devere akamvalisha mkewe na kumfunga vifungo vyote, na wakapiga maji kwa mikono, wakikata upepo kwa ubavu ili ukanda usiwapite. Makwapa yao yalichubuka kwenye ukingo wa ubao mpaka yakatoa damu. Karibu na mwani yavuyavu la buluu, lile dude la baharini linalowasha, lenye mkia kama uzi, lilimzunguka Devere mkono. Aliguna tu. Alverna aliubandua uzi ule kwa ukingo wa kofia, akamwagia maji ya bahari, na mkono ukafura mistari myekundu kama umechapwa. Devere aliendelea kupiga maji kwa ule uliobaki.

Waliingia kwenye mwani wakashikilia mashada yake kwa mikono na miguu. Ulinuka. Kaa wadogo waliwapanda mapajani. Mawimbi yalitulia kidogo chini ya uzito wake, na hiyo ilikuwa nafuu ya kwanza. Walimaliza maji. Mashua ya kwanza ilipita mbali, haikuwaona, na Alverna alianza kutetemeka asiweze kujizuia. Devere alimkumbatia kwa nyuma kumkinga upepo. Alverna hakumsukuma, lakini pia hakumwegemea. Alikuwa akisema jina la Joya chinichini.

Mashua ya pili walianza kuisikia kabla ya kuiona. Devere alipiga magoti juu ya ubao uliokuwa ukiyumba, akaipunga kofia kwa mkono ule uliofura, bila kupiga kelele, bila kuacha. Injini ikabadilisha sauti. Mashua ikageuka kuwaelekea.

Nahodha Prescod, mtu mzima mwenye tumbo na kofia ya majani, aliwatazama kwanza kabla hajasema.

"Miaka yote navua kwenye mwani," alisema, "ila samaki wa aina hii sijawahi kupata. Haya, pandisheni mama kwanza."

Waliwekwa kati ya fulusi waliokuwa bado wanapiga mikia. Prescod aliwafunika turubai, akawamiminia maji kwenye kikombe kimoja cha bati, akawaonya wanywe kidogo kidogo. Alisikiliza habari ya kasia na ya maboya, akatikisa kichwa. Kisha akampiga Devere begani.

"Lakini umefanya la maana, kijana. Kuna wanaume hapo wangemwacha mke wakajaribu kuogelea. Wewe umekaa naye."

Alverna aligeuza uso akatazama kisiwa. Taa za kwanza za Speightstown zilikuwa zimeanza kuwaka. Hakumsaidia mumewe. Devere angeweza kuitikia kwa kichwa tu. Nahodha angelisimulia hivyo sokoni, na sote tungelisikia hivyo, na lingebaki hivyo maisha yake yote.

"Nilimwacha," alisema Devere. "Nilimwacha peke yake, hajui kuogelea. Yeye ndiye aliyenisubiri."

Prescod aliuondoa mkono wake begani, akajaza kikombe, akampa Alverna. Alikunywa nusu. Alikishika kikombe kwa muda, akikiangalia. Halafu akampa mumewe.

Hilo lisikudanganye kwamba yaliisha. Walipotoka hospitali Alverna alikwenda kwa mama yake Speightstown, akamchukua na Joya, wakakaa huko mpaka watu wakaanza kusema. Kila jioni Devere alipanda basi kuvuka kisiwa, akasimama getini, akaongea na mtoto, akarudi. Jioni nyingine Alverna alitoka, nyingine hakutoka. Devere hakumwomba arudi. Alikuja tu, hata siku ambazo basi lilimsubirisha sana. Alipoacha kujitetea kwa maneno, ndipo alipoanza kusikilizwa, na Alverna alirudi Bathsheba mvua za Agosti zilipoanza.

Mwani ulikuwa umeondoka. Jumapili moja tulikuwa wengi ufukweni wimbi lilipobeba ndala ya Joya. Mtoto hakulia. Alikaa kwenye mwamba, akakunja mikono, akasubiri, kama alivyofundishwa na baba yake.

Devere hakusubiri. Aliingia na suruali yake ya kanisani na viatu, maji yakamfika kifuani, wimbi likampiga, akaishika ile ndala na kutoka nayo. Tulicheka sote. Mtu mmoja akamwuliza kama amesahau yuko bahari gani, si ingerudi yenyewe. Devere alimwendea binti yake. Alipiga magoti mbele ya mtoto, akamvalisha, akaukaza ukanda wake.

Alverna ndiye peke yake ambaye hakucheka. Alisogeza bakuli lake la chakula pale mwambani, akampa nafasi ya kukaa.