Mikono Miwili ya Kushoto

Kila asubuhi fundi cherehani alijifungia bafuni na wembe, akanyoa kidevu. Kisha alijifunga mtandio mpaka karibu na mdomo. Mumewe akibisha hodi, alijibu, "Nakuja!" Aibu ilimjaa mpaka akakigeuzia mgongo kioo cha wateja.

Miaka miwili nyuma daktari alimwambia homoni zake zimevurugika. Ndiyo maana hedhi ilikuja ikipenda, ndevu ziliota, unene uliongezeka na mimba haikushika. Alipewa dawa. Kuhusu moyo wake hakuulizwa, naye hakusema. Angesemaje kwamba anaamka amechoka na kulia juu ya cherehani? Alijiita mvivu, basi.

"Wifi, usingizi wote huo!" dada wa mumewe alimtania, jicho tumboni. "Au mambo yameiva?"

Fundi alicheka mdomoni tu. Jioni ile akamwambia mumewe, "Oa mwingine. Mwisho wa mwezi narudi kwetu."

Kesho yake nesi mmoja, mteja wake, akaja kujaribu gauni. Mkono mmoja wa gauni ulikaa vizuri. Wa pili ulipinda, ukagoma.

"Ebo! Fundi, mimi nina mikono miwili ya kushoto?"

Fundi akashika kichwa. Alisahau kukunja kitambaa kabla ya kukata, mikono yote miwili ikatoka ya kushoto. Hilo ni kosa la mtu wa siku ya kwanza! Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Nisamehe, dada. Uvivu huu utaniua."

Nesi hakununa. Alivuta stuli, akakaa. "Hebu niambie, unalala vipi?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Machozi yakamtoka, na maneno nayo. Hata mtandio akaufungua.

"Umewahi kuwaza kujidhuru?"

"Hapana. Nawaza kuondoka tu."

"Mdogo wangu, huo si uvivu. Nadhani ni sonona, ugonjwa wa huzuni isiyoondoka. Wenye tatizo lako la homoni huupata zaidi ya wengine. Hukujitakia. Unatibika kwa ushauri nasaha, na dawa ikibidi."

"Na mtoto?"

"Wengi hupata wakitibiwa. Lakini kwanza wewe."

"Mume wangu nitamwambia nini?"

"Hayo hayo uliyoniambia mimi."

Alimwambia. Mume akampeleka kliniki mwenyewe. Njiani alisema, "Nilidhani umenichoka."

"Nilijichoka mimi," akajibu.

Haikuwa kazi ya siku moja. Alirudi kwa mshauri wiki baada ya wiki, akatumia dawa, akaanza kutembea jioni na mumewe. Polepole usingizi ukarudi, na mkasi ukatulia mkononi. Wembe bado upo, ila hajifungii tena bafuni.

Juzi mteja mmoja alikuja kuchukua sketi iliyokaa dukani miezi mitatu. Hakuinua macho.

"Nisamehe, fundi. Siku hizi nimekuwa mvivu mno."

Fundi akaweka mkasi chini, akamsogezea stuli.

"Kaa kwanza, dada. Unalala vipi?"