Mashine Iliyoachwa Ikiwaka

Siku ya soko, chumba cha michezo ya video cha Joyeuse kilijaa watu hadi mlangoni. Kilikuwa chumba cha mbao katikati ya Butembo, nyuma ya maduka ya nguo, na nje yake jenereta ilikohoa mchana kutwa. Joyeuse alivaa blauzi ya njano na kitenge cha bluu, nywele zake zimesukwa jana, na hakuwa na nafasi ya kumtazama mwanaume yeyote. Ndivyo alivyojidanganya.

Akaingia kijana mrefu, shati jeupe limefungwa vifungo hadi shingoni, viatu vimejaa tope jekundu la barabara ya Beni. Akazipita mashine mpya zote, akaenda kusimama pembeni mbele ya ile ya kaseti, iliyofunikwa vumbi.

"Hii inatembeaka?" akauliza.

"Inatembeaka, mais hakuna mutu anaitakaka. Kaa ku ile ya disque, papa. Iko na carte mémoire. Ukichoka unachunga mchezo wako, kesho unaendelea pale uliachia."

"Ile ni sinema, ma sœur. Inakushika mukono sawa mutoto. Hii ya zamani, ukikufa umekufa. Unarudia mwanzo."

"Donc unapenda kuteseka."

"Napenda kitu chenye kuwa nguvu kupata," alisema, na hapo ndipo alipomtazama usoni.

Joyeuse alicheka, na kicheko kile kilimponza.

Jina lake lilikuwa Delphin. Alikuwa akileta mafuta ya mawese kutoka Mbau kwa kamyo, lori la baba yake mdogo, na kila alipofika mjini alipitia pale kabla hata ya kunawa uso. Walibishana kila mara juu ya jambo lilelile. Joyeuse alisema vita vimeshawapa watu magumu ya kutosha, vizuizi barabarani na maduka kufungwa mchana kwa sababu ya risasi, na hakuna sababu ya kulipa ili kuja kuteseka tena ndani. Mtu anahitaji angalau mahali pamoja panapokumbuka alipofikia. Delphin alijibu kwamba kinachokuruhusu kurudi hakina hofu ndani yake, na kitu usichoogopa kukipoteza hukipendi. Maneno matamu hayo, ya mwanaume ambaye alikuwa hajapoteza kitu.

Hata hivyo Delphin alimfundisha kuicheza. Katika kaseti ile, kijana na msichana walipanda mnara pamoja, na mmoja akianguka wote wawili walirudishwa chini kabisa. Walianguka majuma mengi. Alimwita chérie waliposhinda, na walipoanguka alimwita mukono ya mbao, na Joyeuse alipenda majina yote mawili.

Jumapili moja baada ya misa walifika ghorofa ya mwisho. Viganja vyao vilikuwa vimelowa. Hapo honi ya kamyo ikalia nje, maana magari yalikuwa yakipanga msafara wa kwenda Beni, na asiyeondoka na msafara haondoki. Delphin akasimamisha mchezo pale ulipo.

"Usizime," alisema. "Nitarudi tuimalize. Na nitarudi na mbuzi za papa yako."

Joyeuse alikuwa akilingoja neno hilo la mahari, na alitaka zaidi. Phinées, muuza misumari na sabuni, alikuwa amekwisha kuwatuma wajomba zake kumposa, na baba yake Joyeuse alikuwa ameahidi kuwajibu siku ya Pasaka. Alimwomba Delphin awatume wazee wake leo, kabla ya safari. Delphin akacheka, akasema waache iwe ngumu kidogo ili iwe tamu.

"Papa yangu haiko mchezo," Joyeuse alisema, akageuza uso. Delphin aliondoka akiuona mgongo wake.

Mashine hakuizima. Jenereta ilipozimwa jioni aliiunganisha na betri ya gari, na asubuhi ilipowashwa tena akaipeleka betri kuchajiwa. Wateja walimcheka kwa wale watu wawili wadogo waliosimama kwenye kioo bila kusogea. Majuma yakapita. Mapigano yakafunga barabara, na habari zilizofika zilikuwa za kamyo zilizochomwa tu.

Juma la Pasaka, akaitwa kwenye nyumba ya fonia. Pale mtu huongea na Beni kwa redio mbele ya benchi la wanaosubiri zamu, na kila mwenye redio njiani husikia pia. Joyeuse alikaa akashika kipaza sauti kwa mikono yote miwili.

"Delphin, unakuya lini? À vous," akampa zamu.

Redio ikakwaruza. "Sitakuya. Unisikie muzuri. Sitakuya tena Butembo. Usiningoje. À vous."

"Ni kweli unasema?"

"Ni kweli. Imeisha."

Watu wa benchi wakatazama miguu yao. Joyeuse alirudi chumbani, akachomoa waya wa mashine kwa mkono wake mwenyewe, na wale watu wawili wakapotea. Siku ya Pasaka baba yake alipomuuliza, alisema ndiyo. Mbuzi wa Phinées wakaletwa na kuchinjwa. Katika ukoo wao, msichana akionja nyama ile mbele ya wajomba, neno limefungwa. Alionja. Nyama ilikuwa na chumvi nyingi, hilo ndilo alilolikumbuka.

Delphin alikuja juma lililofuata. Shati halikuwa jeupe tena, na nje alikuwa amefunga mbuzi kwenye nguzo ya jenereta. Joyeuse aliwaona wale mbuzi kabla ya kumwona yeye.

"Ku fonia ulisema hutakuya," alisema.

"Benye kupora banasikilizaka fonia, Joyeuse. Kama ningesema niko nakuya, bangeningoja mu barabara. Wewe ni mutoto wa Butembo. Nilizani unajua."

Alijua, na ndilo lililomuuma. Hakuna mfanyabiashara wa mji ule anayesema kweli kwenye fonia juu ya safari. Baba yake mwenyewe alikuwa akitangaza kwamba amekwama Kanyabayonga huku tayari yuko karibu na nyumbani. Lakini siku ile alikumbuka kicheko cha Delphin, akasahau desturi.

"Banalongopaka juu ya siku ya safari," alisema. "Hakuna mwenye analongopaka ati hatarudi kabisa."

Delphin akatoa mfukoni carte mémoire mpya, bado iko ndani ya nailoni yake, akaiweka mezani.

"Nilikununulia ku Beni. Ulikuwa na haki. Mutu anapashwa kuendelea pale aliachia. Nitaenda kwa papa yako, nitarudishia Phinées mbuzi zake. Tuanze tena, hata mwanzo kabisa."

"Zilishakuliwa. Na mimi nilionja."

"Joyeuse."

"Ni wewe ulisemaka, ukikufa umekufa."

"Nilikuwa nasema juu ya mchezo."

"Na mimi ulinichezea vilevile," alisema, kwa sauti ndogo, bila hasira. Hasira ingemsaidia.

Delphin aliiacha kadi mezani, akawafungua mbuzi wake. Hawakutaka kutoka, na ilimbidi awavute mmoja mmoja kupita katikati ya watu wa soko, waliokuwa wakimwuliza bei.

Joyeuse aliolewa kabla ya mvua kuisha. Phinées si mtu mbaya, na alimwachia chumba chake cha michezo. Mpaka leo vijana hubishana mle ndani, wengine wakisema michezo ya siku hizi imekuwa laini mno na ile ya zamani ndiyo ilikuwa michezo, kisha humgeukia yeye aamue. Yeye huwaambia walipe muda wao.

Kuna alasiri moja tu, wateja walipokuwa wamekwenda kutazama wanajeshi wakipita, alipofungua ile nailoni na kuichomeka kadi ya Delphin kwenye mashine ya disque. Alingoja, akijua vizuri kwamba ilikuwa mpya. Kioo kikawaka, kikamwonyesha vyumba vyake vyote vya kuhifadhia michezo. Vilikuwa vitupu.