Dole Gumba la Bibi Ketrina

Kila siku baada ya shule Atupele aliosha vyombo, akachota maji ndoo mbili, kisha akafanya hesabu zake kabla mama hajarudi kutoka sokoni. Alikuwa na miaka kumi na tatu na alisoma darasa la sita. Mama yake, Ruti, alikuwa mjumbe wa nyumba kumi katika Mtaa wa Transfoma, mjini Tunduma. Kwa hiyo matangazo ya mtaa yalipita mikononi mwa Atupele: ya chanjo, ya mikutano, ya usafi wa Jumamosi. Alimjua mbwa wa kila geti.

Agosti 2014 lilikuja tangazo la aina mpya. Kampuni moja ilitaka kupitisha mkongo wa intaneti mtaani, na mkongo huo ungefukiwa ardhini. Kila mwenye nyumba alitakiwa kuchomeka vijiti vyenye kitambaa chekundu mahali bomba lake la maji linapopita, ili wachimbaji wasilikate. Kisha aweke saini kwamba amejulishwa. Aliyejulishwa asipoweka vijiti, bomba likikatwa angelitengeneza mwenyewe.

"Nyumba kumi, saini kumi," mama alisema, akimkabidhi karatasi, vijiti na pedi ya wino. "Asiyejua kusoma msomee yote, polepole, ndipo aweke dole gumba. Umenielewa?"

"Ndiyo, mama."

Jioni hiyo Atupele alimaliza nyumba tisa. Ilibaki moja, ya Bibi Ketrina, chini kabisa karibu na korongo. Bibi Ketrina alikuwa mjane aliyeishi peke yake. Hakujua kusoma, na kila tangazo alitaka asomewe mara mbili. Kisha angeanza kueleza jinsi marehemu mumewe, mzee Nikodemo, alivyolaza bomba lao la maji kwa mikono yake. Atupele alikuwa bado njiani alipomsikia rafiki yake Raudha akimwita.

"Atu! Lile lori lililobeba mtambo wa mgodini limekwama pale forodhani. Lina matairi tisini na sita! Osea wa darasani kwetu kayahesabu."

"Osea hajui kuhesabu hata vidole vyake."

"Basi twende ukahesabu wewe. Likishavuka mpaka kwenda Nakonde utayahesabia ndotoni."

Atupele alitazama mteremko, akatazama barabara. Alijiambia kwamba angerudi kesho kumsomea bibi. Alibonyeza dole gumba lake mwenyewe kwenye wino, akalipiga kwenye mstari wa kumi, akalifuta kwa jani la mgomba. Walikimbia mpaka forodhani. Walihesabu matairi wakapata themanini na nane, wakarudia wakapata tisini na mbili, madereva wakawacheka.

Aliporudi nyumbani, mama aliichukua karatasi, akaona mistari yote imejaa, akaipeleka ofisini kwa mtendaji. Kesho yake Atupele hakwenda kwa Bibi Ketrina. Kwenda kumsomea sasa kungekuwa kuonyesha kwamba jana hakusoma. Vijiti vya bibi alivisukuma chini ya kitanda.

Alhamisi, aliporudi kutoka shuleni, alikuta watu, mama akiwemo, wamejaa kando ya korongo. Mtaro mpya ulikuwa umejaa maji ya matope. Bomba la Bibi Ketrina lilikuwa limekatwa vipande viwili, na kwa bomba hilohilo nyumba mbili za jirani zilipata maji.

"Bibi, uliambiwa ukanyamaza!" alifoka Isaka, mmoja wa majirani hao, ndoo tupu mkononi. "Sasa sote tukanywe maji ya korongoni pamoja na ng'ombe?"

"Mimi sikuambiwa, Isaka," alisema Bibi Ketrina.

Abdulswamad, msimamizi wa wachimbaji, mtu wa Tanga mwenye sauti ya chini, alifungua faili. "Shikamoo, bibi. Sikuja kukulaumu. Lakini hii hapa karatasi. Nyumba ya kumi, dole limewekwa. Kwa utaratibu wetu, matengenezo ni juu yako."

Bibi aliisogelea karatasi. Hakuweza kuisoma, ila alama ya dole aliiona.

"Sikumbuki, mwanangu."

"Dole ndilo hilo, bibi."

Bibi Ketrina aliitazama tena ile alama. Kisha akasema taratibu, "Kama dole lipo, basi niliambiwa. Nimezeeka."

Watu walianza kutawanyika. Mama alimshika bibi mkono akampeleka ndani. Atupele alisimama hatua nne tu kutoka kwenye faili, na hakusema neno. Dole lake halikuwa na wino tena, lakini alilificha ndani ya ngumi.

Tangu siku hiyo mama alimtuma kila asubuhi na jioni kumpelekea bibi ndoo ya maji. Bibi alishukuru kila mara. "Mungu akubariki, mjukuu wangu. Wewe ndiye unayenikumbuka." Atupele alitamani atukanwe. Usiku hakulala vizuri, na shuleni alikosa hesabu alizozijua.

Jumamosi alimkuta bibi ameketi mlangoni, kidonge kimoja kiganjani. Kilikuwa kidonge cha presha, ambacho alipaswa kumeza kimoja tu kila asubuhi.

"Atu, afadhali umekuja. Leo nimemeza au sijameza?"

"Sijui, bibi. Wewe unaonaje?"

"Naona nimemeza. Lakini siku hizi kuona kwangu si kitu. Si niliona pia kwamba sijaweka dole?" Bibi alichukua kikombe. "Acha nimeze. Isije ikawa nimekisahau."

"Usimeze!" Atupele alidaka mkono wake, maji yakamwagika. "Bibi, hukusahau. Sikuja kwako. Lile dole ni langu."

Bibi Ketrina alimtazama, kisha akakirudisha kidonge kwenye kopo na kulifunga kifuniko.

"Hukuja kabisa?"

"Sikuja, bibi. Nilikwenda kutazama lori."

"Siku tatu," bibi alisema, "nimekuwa nikiuchunguza moto kila nikitoka, nirudi tena niuchunguze. Nilidhani akili imeanza kuniaga." Alijifuta macho kwa ncha ya khanga. "Kamwite mama yako."

Mama alikuja, akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kwanza alimpigia simu muuguzi wa zahanati, ambaye alisema bibi asirudie dawa mpaka kesho. Kisha akamgeukia Atupele. "Tunakwenda kwa msimamizi. Utasema wewe, si mimi."

Atupele alipitia nyumbani kuchukua vijiti chini ya kitanda, na bibi akafuatana nao. Abdulswamad alikuwa kwenye mtaro. Atupele alisema yote mbele ya wachimbaji. Msimamizi hakukasirika, ila hakuridhika na maneno matupu. Alileta pedi ya wino, akamtaka Atupele apige dole pembeni ya lile la mstari wa kumi. Kisha akamwomba Bibi Ketrina naye apige lake. Aliinama akayalinganisha.

"Hili na hili ni mtu mmoja," alisema. "La bibi lina kovu la jembe katikati, tena ni kubwa zaidi. Ningelinganisha Alhamisi ningeliona. Nisamehe, bibi. Bomba ni juu yetu, tunalitengeneza leo."

"Ila mkilifukua kwa kubahatisha mtalikata tena," alisema Bibi Ketrina. "Halikwenda moja kwa moja. Kutoka kwenye ule mti wa mparachichi hesabu hatua saba, kuna mwamba. Nikodemo alilizungusha bomba upande wake wa juu."

Mchimbaji mmoja alihesabu hatua saba akapiga sururu. Sururu iligonga mwamba. Bibi alichomeka kijiti cha kwanza chenye kitambaa chekundu, akanyoosha mkono kumwomba Atupele kijiti cha pili.

Kufikia alasiri maji yalitoka. Mama alimpeleka Atupele katika zile nyumba mbili za jirani, na Atupele akaeleza mwenyewe kosa lake. Isaka alisikiliza, akatikisa kichwa, akaenda kumwomba bibi radhi. Kisha mama alikwenda kwa mtendaji kusema kwamba yeye naye alipokea karatasi bila kuikagua.

Walirudi nyumbani pamoja. Atupele hakujisikia vizuri, ila ile ngumi aliyoikunja tangu Alhamisi ilikuwa imefunguka.

"Mama, nilidhani ni kidole tu."

"Najua ulivyodhani," mama alijibu. "Lakini pale mtaroni alikuwepo bibi aliyesema kweli, ikawepo na karatasi iliyosema uongo. Sote tukaiamini karatasi, mimi wa kwanza. Mwishowe hata bibi mwenyewe akaiamini. Ulimnyang'anya mtu mzima imani ya akili yake, Atu, na bomba ni dogo kuliko hilo. Kazi uliyoshindwa, sema umeshindwa. Nitakugombeza, kisha tutakwenda pamoja kuimaliza. Usiandike kamwe kwamba imefanyika kazi ambayo haijafanyika, kwa sababu humjui atakayekuja kuadhibiwa kwa neno lako."